Pale Injini Inapopumua

Mjukuu wangu anaendesha bodaboda hapa Lushoto. Jioni moja mwaka jana alinijia, akanipa shikamoo, akaketi kwenye kigoda akanyamaza. Mtoto akinyamaza mbele ya babu yake, ama amekosa ama anataka fedha. Huyu hakuwa amekosa. Alitaka kuuza pikipiki yake anunue guta la magurudumu matatu, lile la injini, awe anateremsha viazi na kabichi kutoka vijijini hadi sokoni. Fedha zake zilipungua kidogo, akaomba nimjazie.

"Kuna jambo moja linanitatiza, Babu," akasema. "Injini yake ni ya maji, ina rejeta. Wenzangu kijiweni wanasema kununua injini ya maji ni kununua ugonjwa. Wengine wanasema ya upepo haiwezi kupanda mlima na mzigo ule. Wewe ulifundisha sayansi. Ipi bora?"

Nilimwambia anipe wiki mbili. Alidhani nataka kuhesabu fedha zangu. Kwa kweli swali lake halikuwa gumu, ila lilinigusa mahali ambapo sikupenda kuguswa. Ndipo nikaona kwamba nikimjibu yeye, itanipasa pia nijijibu mwenyewe, na kwamba jibu hilo lafaa liandikwe.

Msomaji atanivumilia nikianza na somo. Mwalimu hata akistaafu chaki haimtoki mkononi.

Injini ya petroli ni jiko lililofungwa pande zote. Gesi inayoungua ndani ya silinda hupita nyuzi joto 2,000 za Sentigredi. Pistoni inayopanda na kushuka humo imetengenezwa kwa aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni haiyeyuki kwa sababu mbili. Kwanza, moto ule huwaka kwa nukta ndogo mno kisha huzimika. Pili, kila mara joto linapoingia kwenye chuma kuna kitu kinachoondoa joto hilo. Kitu hicho kikikoma kufanya kazi yake, pistoni huvimba kuliko silinda, hung'ang'ania, na safari huishia hapo. Mafundi wetu husema injini imenoki.

Joto hilo huondolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni hewa yenyewe. Silinda hutengenezwa ikiwa na mapezi mengi kama ya samaki, ili chuma kiguse upepo kwa eneo kubwa, mfano wa mtu anayetandaza vidole vyake dirishani. Ya pili ni maji. Haya huzunguka silinda, huchukua joto, hulipeleka kwenye rejeta, na huko upepo huyapoza yarudi kazini. Kwa kuongezeka nyuzi zile zile, kilo moja ya maji hubeba joto mara nne ya kilo moja ya hewa. Tena lita moja ya maji ina uzito wa takriban mara 800 ya lita moja ya hewa. Kwa ubebaji wa joto, basi, hewa haiwezi kushindana na maji. Hata hivyo kwa muda mrefu hewa ndiyo iliyotawala pikipiki za dunia, na kisa chake kinafaa kusimuliwa.

Mwaka 1885, mjini Cannstatt huko Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliunda gari la mbao la magurudumu mawili, lenye magurudumu mengine mawili madogo ubavuni ya kulizuia lisianguke. Injini yake ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 264 na nguvu ya nusu farasi. Ilipozwa kwa hewa. Hiyo ndiyo inayohesabiwa na wengi kuwa pikipiki ya kwanza ya petroli. Miaka 9 baadaye, mwaka 1894, kampuni ya Hildebrand & Wolfmüller ya Munich ilianza kuuza pikipiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi. Yenyewe ilipozwa kwa maji, na maji yalitunzwa ndani ya madigadi ya nyuma, ambayo ilifanywa tangi. Kwa hiyo ubishi wa kijiweni kwa mjukuu wangu una umri sawa na pikipiki zenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mwingereza Alfred Angas Scott wa Yorkshire aliamini maji. Injini yake ilikuwa ya mipigo miwili, yaani inayowaka kila mzunguko, na injini ya namna hiyo hupata joto jingi. Kuanzia mwaka 1908 aliuza pikipiki zilizopozwa kwa maji, na mwaka 1912 na 1913 zikashinda mashindano makubwa ya Kisiwa cha Man. Mtu angetarajia kwamba baada ya ushindi huo wote wangemfuata. Hawakumfuata. Rejeta, mabomba na maji viliongeza uzito na gharama. Maji huvuja, na kwenye nchi za baridi huganda. Pikipiki ilikuwa chombo cha mtu asiyeweza kununua gari, na mtu huyo alitaka kitu chepesi, rahisi na cha bei nafuu. Mwaka 1923 BMW walitoa R32, silinda mbili zikitokeza nje kushoto na kulia kama masikio, ili kila moja ipate upepo wake. Mwaka 1948 Velocette wa Uingereza walijaribu tena maji kwenye pikipiki yao ndogo ya LE. Ilikuwa na sauti ndogo hata polisi wa nchi hiyo wakaipenda kwa doria, lakini wanunuzi wengine hawakuwa wengi.

Kisha wakaja Wajapani. Mwaka 1958 Honda walitoa Super Cub, kipikipiki cha ujazo wa 49, cha upepo. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni hiyo hiyo ikatoa CG125, iliyokusudiwa nchi kama zetu, ambako pikipiki hubebeshwa mzigo, hupita vumbini, na oili hubadilishwa mwenye nayo anapokumbuka. Wahandisi waliacha mnyororo wa juu wa injini wakarudia fito za kusukuma vali, kwa kuwa hizo huvumilia zaidi. Pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria barabarani kwetu leo zina injini za ukoo wa CG125. Kila bodaboda anayepita mbele ya baraza yangu anapanda wazo hilo la upepo.

Sasa nifike kwa mtu mwenyewe. Soichiro Honda alizaliwa mwaka 1906, mwana wa mhunzi. Alikuwa fundi hasa, mtu wa kushika chuma kwa mkono, na upepo ulikuwa umempa utajiri. Kampuni ilipoanza kuunda magari, alishikilia kwamba nayo yapozwe kwa hewa. Hoja yake ilikuwa na mantiki nzuri tu: maji nayo mwishowe hupozwa na hewa, basi kwa nini kuzunguka, hewa isiipoze injini moja kwa moja? Wahandisi vijana waliokuwa chini yake waliona vingine. Injini kubwa iliyofungiwa ndani ya bodi haipati upepo kama ya pikipiki. Joto lake halilingani kila mahali, na ni vigumu kusafisha moshi wa injini ambayo joto lake halitawaliki. Walisema. Mzee hakusikia.

Mwaka 1968 kampuni iliunda gari la mashindano la RA302, la kupozwa kwa hewa. Dereva wao mashuhuri, John Surtees, alilijaribu akaona halijawa tayari, akakataa kulishindania. Likapewa Mfaransa Jo Schlesser. Tarehe 7 Julai 1968, kwenye mashindano ya Ufaransa mjini Rouen, mvua ikinyesha, gari lilimshinda mapema kabisa, likaacha barabara, likawaka moto akafa. Sisemi kwamba upepo ndio uliomwua. Barabara ilikuwa telezi na gari lilikuwa jipya. Nasema tu kwamba aliyejua alisema, na gari likaingia barabarani.

Mwaka uliofuata likatoka gari la kawaida, Honda 1300, nalo la kupozwa kwa hewa kwa ufundi wa ajabu. Lilikuwa na nguvu, lakini zito na la gharama kubwa kulitengeneza, wala halikuuzika walivyotumaini. Mwaka huo huo wa 1969 vijana walimwendea Takeo Fujisawa, aliyeshika mambo ya fedha na biashara ya kampuni tangu mwaka 1949, wakamweleza. Fujisawa hakujifanya kujua injini. Alimwuliza Honda swali moja tu: anataka kuwa mkuu wa kampuni, au anataka kuwa mhandisi? Honda alikaa kimya, kisha akajibu kwamba yafaa awe mkuu. Basi waruhusu vijana wafanye ya maji, akaambiwa. Akaruhusu. Mwaka 1972 ikatoka Civic, injini ya maji, na muda si mrefu injini yao mpya ya CVCC ikatimiza sheria kali ya Marekani ya moshi safi kabla ya makampuni yaliyokuwa makubwa kuliko wao. Mwaka 1973 Honda na Fujisawa walistaafu pamoja.

Nilisoma habari hizi nikiwa mtu mzima, nikazipenda. Nilizipenda kama mtu anavyopenda hadithi ya kosa la mwingine.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi milimani huku Usambara, nikiwa na umri wa miaka 36. Mradi mmoja ulitupatia pikipiki ya mipigo miwili ya ujazo wa 100, ya upepo. Njia ya kwetu ni ya udongo mwekundu, na masika udongo ule hunata kama unga wa mhogo. Kila nikienda wilayani kuchukua mishahara ya walimu nilirudi nikiwa tope kutoka kiatuni hadi kifuani. Basi nikabuni ngao. Nilikata kipande cha ubao mwembamba, nikakivika turubai, nikakifunga mbele ya miguu kutoka usukani hadi chini ya injini. Nilijiona mvumbuzi.

Shuleni alikuwapo mwalimu kijana, ndiyo kwanza ametoka chuoni, akifundisha sayansi. Aliitazama ngao yangu, akasema mbele ya walimu wenzake, kwa adabu kabisa, "Mwalimu Mkuu, pale ndipo injini inapopumua. Naona ngao itainyima upepo." Walimu wawili walicheka. Hawakunicheka mimi, nadhani, walicheka neno "inapopumua". Lakini nilijibu kwa ukali. Nilimwambia kwamba nilikuwa napanda pikipiki yeye akiwa bado anachezea matairi ya baiskeli, na kwamba akimaliza kusahihisha madaftari yake ndipo aje anifundishe.

Mwishoni mwa Aprili nilitoka wilayani na mishahara ya watu 11 kifuani. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Nilipanda mlima kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu kutembea, injini ikilia. Karibu na kilele ikapoteza nguvu, ikatoa mlio kama wa kisu kwenye jiwe la kunoa, gurudumu la nyuma likakama. Nililala kwenye kibanda cha mkulima nikiwa nimekumbatia fedha za watu, na wake za walimu walilala wasijue kama nimeporwa au nimekufa.

Fundi wetu wa kijiji aliifungua injini. Tope lilikuwa limejaa baina ya mapezi, limeokwa na joto likawa tofali. Pistoni ilikuwa imechubuka. Fundi aliniita nitazame ndani: "Oili ipo, Mwalimu, tazama, chini kote kumelowa." Sikutazama. Siku nne kabla ya safari alikuwa ndiye aliyenichanganyia petroli na oili, na mimi nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba aliweka oili pungufu. Wakati ule oili ilikuwa adimu, na tuhuma kama hiyo iliaminika upesi. Niliieleza kamati ya shule. Kamati ilizuia malipo yake ya kukarabati madawati 40, yakatumika kununua pistoni na kuchonga silinda. Mwalimu kijana alihudhuria kikao kama mwandishi. Aliandika kila neno, hakusema hata moja. Mwisho wa mwaka, kwenye ripoti yake ya siri, niliandika kwamba ni hodari darasani ila hana heshima kwa wakubwa. Alihamishwa mwaka uliofuata.

Ngao niliitoa. Naomba msomaji alitie akilini hilo. Injini ilipotengenezwa sikuirudisha ngao mahali pake. Nilisema turubai limechakaa. Mtu haitoi ngao aliyoiamini bila sababu. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Tena lipo lililo baya zaidi. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa sayansi alitufanyia jaribio la makopo mawili ya maji ya moto. Moja aliliacha wazi dirishani penye upepo, jingine alilizungushia gunia, kisha kila dakika 5 tukasoma kipimajoto. Nililirudia jaribio hilo na wanafunzi wangu kila mwaka kwa miaka 15. Kisha nikaizungushia gunia injini yangu mwenyewe. Elimu ilikuwapo kichwani, lakini cheo kilikuwa kimekaa mlangoni, kikiizuia kutoka.

Miaka 35 ikapita. Mwaka 2021, jioni ya mvua, nilimwona mjukuu wangu amechuchumaa kando ya pikipiki yake na kijiti, akichokoa tope baina ya mapezi, moja baada ya jingine. Nikamwuliza kwa nini asingoje kesho aoshe kwa maji. "Likikauka haliondoki, Babu," akasema. "Na hapa ndipo injini inapopumua." Hakujua amesema nini. Niliingia ndani nikaketi kitandani.

Nilinyamaza miaka mingine hadi aliponijia na swali lake la guta. Katika zile wiki mbili nilifanya mambo mawili.

Kwanza, nilikwenda kijijini kwa fundi. Nilikuta amefariki mwaka 2004. Mwanawe amerithi karakana. Nilimweleza habari yote mbele ya watoto wake, madawati 40, kikao, na oili ambayo sikukubali kuitazama. Nikampa fedha nilizokadiria kuwa sawa na deni kwa thamani ya leo. Alizihesabu polepole. Akasema baba yake alikuwa akilisimulia jambo lile, na kwamba kilichomuuma si malipo, bali watu kuanza kuleta oili yao wenyewe kwenye chupa na kumsimamia akichanganya. Sikuwa na fedha ya kulipia hilo.

Pili, nilitafuta namba ya simu ya yule mwalimu. Naye sasa amestaafu. Nilipojitaja aliniamkia kama zamani. Nikamweleza kuhusu ripoti, maana ile ilikuwa ya siri na hakuwahi kuisoma. Kimya kilikuwa kirefu hata nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Nilikuwa nikijiuliza kwa nini wenzangu walipanda daraja nami nikabaki miaka miwili." Hakusema amenisamehe, wala mimi sikumwomba aseme. Tuliongea kidogo habari za wajukuu. Kabla hatujaagana akauliza, "Na ile ngao, Mwalimu, uliitoa?" Nikamwambia niliitoa siku ile ile injini ilipopona. Akacheka, kicheko cha mtu aliyepata jibu la hesabu aliloliacha wazi siku nyingi.

Baada ya hapo ndipo nilipomwita mjukuu wangu.

Nilimwambia kwamba dunia imeelekea kwenye maji, na si kwa mtindo tu. Mwaka 1971 Suzuki walianza kuuza GT750, mipigo miwili yenye silinda tatu kwa mstari, kwa kuwa silinda ya katikati isingepata upepo wa kutosha. Honda nao wakaja na Gold Wing, iliyoonyeshwa mwaka 1974. Mwaka 1984 Kawasaki wakatoa GPZ900R, na tangu hapo pikipiki za kasi kubwa zimeyafuata maji. Hata BMW, wenye yale masikio mawili, waliyapa maji kwenye R1200GS ya mwaka 2013. Sheria za moshi na kelele zimezidi kukaza, na injini ambayo joto lake halibadilikibadiliki hutii sheria kwa urahisi zaidi. Lakini pikipiki ndogo ya kuchukua abiria mmoja, inayokwenda na kupigwa na upepo, haina haja ya rejeta. Kwa kazi hiyo hewa inatosha, na fundi wa njia panda anaielewa.

Guta ni kazi nyingine. Guta hupanda mlima polepole na mzigo mzito. Injini hufanya kazi kubwa kuliko zote wakati ule ule ambapo upepo ni mdogo kuliko wote. Ndivyo ilivyonipata mimi mlimani. Kwa hiyo kwa guta nilimwambia achukue ya maji, kwa masharti. Atazame maji kila asubuhi injini ikiwa baridi. Asifungue kamwe kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto, maana maji yale yatamchoma usoni. Asitie maji ya mtoni yenye tope. Akiona inavuja, asimame, asijidanganye kwamba atafika. Injini ya upepo humsamehe mvivu wa kutazama maji, ila haimsamehe mwenye kuiziba. Injini ya maji humsamehe mwenye mzigo, ila haimsamehe asiyekagua.

"Na ukiajiri kijana wa kupakia mizigo," nikaongeza, "naye akakuambia kitu kuhusu injini, shuka kwanza utazame. Ukiona amekosea, hutakuwa umepoteza ila dakika mbili."

Aliniangalia kama mtu anayengoja sehemu iliyobaki ya hadithi. Nikamhadithia. Aliposikia habari ya ngao alianza kucheka, alipofika kwenye madawati akaacha.

Guta alilinunua mwezi uliofuata. Fedha nilizomwongezea zilipungua kuliko alivyotarajia, kwa sababu nyingine zilikuwa zimekwenda kwa mwana wa fundi, naye hakuniuliza. Sasa rejeta yake anaifanyia matengenezo kwenye karakana ile ile. Hakuna aliyemwagiza. Alikwenda mwenyewe.